Harusi ya binti yangu katika baridi ya Noeli



Siku ya posho iliyopita, tulipokuwa tunaosha vyombo nyuma ya mkutano, mama mmoja aliye mpya kati yetu aliniita pembeni. Binti yake anaishi Kanada, amechumbiwa, na anataka kufunga ndoa kati ya Noeli na Bonane. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Yaya, harusi katika theluji inafanywaje? Watu watavaa nini? Na sisi tutaonekana namna gani mbele ya wakwe?" Nilicheka, kwa sababu mimi pia niliuliza maneno hayo hayo. Nikamwambia nitaandika, na nikishaandika, basi wote wasome.

Sisi wa Lubumbashi tunafikiri tunajua baridi. Mwezi wa sita na wa saba tunatoka asubuhi na sweta, tunaota moto wa makala, tunalalamika. Binti yangu wa kwanza aliponipigia simu toka Montréal kuniambia kwamba wamechagua mwezi wa kumi na mbili, nilimjibu: "Hakuna neno, baridi tunaijua." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mama, chukua ile baridi ya kwetu, uiweke ndani ya friji ya kugandisha, ufunge mlango. Ndiyo ya huku."

Nilimuuliza kwa nini basi hawangojei mwezi wa nane. Alikuwa na majibu matatu, na yote yalikuwa ya kweli. Jibu la kwanza, yeye na mchumba wake wanafanya kazi ya zamu, na wakati wa sikukuu tu ndipo ndugu zetu wa Toronto, wa Ottawa na wa Ubelgiji wanaweza kupata likizo pamoja. Jibu la pili, sale waliyoipenda ilikuwa imeshikwa na karamu za makampuni siku zote za posho kabla ya Noeli, lakini ile ya nyuma ya Noeli ilikuwa wazi, na mwenye sale alikubali kupunguza bei. Jibu la tatu lilinifurahisha: kanisa litakuwa tayari limepambwa. Pango la Mtoto Yesu, maua mekundu, taa, misonobari, vyote vinabaki pale mpaka mwezi wa kwanza. Hawatanunua hata ua moja la kanisani.

Mahari tulipokea hapa nyumbani mwezi wa nane, wakwe walitoka Likasi, nanyi mlikuwepo. Hapo mambo yalikwenda vizuri. Shida ilianza tulipofika kwenye hesabu ya wageni.

Mimi niliwaza watu 300, kama harusi zetu. Binti yangu alisema 70. Katika baridi ile, alinieleza, mgeni hawezi kusimama inje akingojea kiti, wala kukaa chini ya hema. Kila mtu unayemwita lazima awe na mahali pa kuketi penye joto, mahali pa kutundika koti lake, na namna ya kurudi nyumbani usiku. Ukiwaita 300, umewaita 230 wateseke.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, hakukubali. Alisema harusi ya watu 70 ni harusi ya siri, kana kwamba mtoto amefanya makosa. Alitaka nitumie feza zangu za likelemba kununua vikwembe vya namna moja kwa ukoo wote, nivitume kule, nao waongeze wageni. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika kweli. Lakini feza zile zilitosha jambo moja tu: vikwembe vya ukoo, au tiketi yangu ya ndege. Wakati wa Noeli tiketi inapanda bei kila juma.

Nawaambia ukweli, wamama, nilikawia kuamua. Niliogopa kusemwa. Nilifika hata kumwambia binti yangu kwamba nitabaki, nitume vikwembe, niwaone kwenye simu. Hakulia, hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mama, siku ile baba hayupo. Na wewe ukose, nitaingia kanisani na nani?" Kesho yake nilikwenda kulipa tiketi.

Ndipo ninyi mkaleta wazo la shali. Wengine wenu mnakumbuka: wamama 24, kila mmoja alifuma kwa kroshe kipande kimoja cha sufi nyeupe, nasi tukaviunganisha mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha juu ya mabati mpaka hatusikiani. Vipande havikufanana. Kimoja kilikazwa sana, kingine kililegea, na mmoja wenu, simtaji, alifuma chake kikapita vingine kwa vidole viwili. Niliwashukuru sana. Lakini leo naungama: moyoni niliona haya. Niliwaza, wakwe wana watu wa Bulaya na wa Kanada, watatucheka. Mjini nilinunua kwa siri kikoti kimoja cha kung'aa, cha nailoni, kinachofanana na manyoya. Shali niliiweka chini kabisa ya valizi, kati ya ndakala na unga wa muhogo.

Nilifika kwa Addis Ababa na Toronto, miguu imevimba. Siku tatu sikuitoa shali. Binti yangu mwenyewe ndiye aliyeiona alipokuwa anatafuta ndakala. Akaifungua juu ya kitanda, akaanza kuniuliza: hiki ni cha mama nani? Na hiki? Nikataja majina yenu yote 24. Kisha akainusa, tukaangaliana. Shali yote ilikuwa ndakala. Tukaitundika inje kwenye baraza usiku mbili. Asubuhi ya kwanza tuliikuta imegandishwa, imesimama ngumu kama samaki mwenyewe. Lakini harufu ilikwisha. Kile kikoti cha kung'aa alikijaribu pia, akasimama nacho dakika moja mlangoni, akarudi akitetemeka. Nailoni inang'aa, lakini haina joto.

Usiku wa kuamkia harusi theluji ilianguka bila kukoma. Sikulala. Niliona kazi yetu yote imekwisha, hakuna atakayekuja. Lakini asubuhi niliwakuta vijana wa parokia wameshafika na mapauro, wanafungua njia mpaka mlango wa kanisa, kisha wanamwaga chumvi kwenye ngazi. Nilitaka kuwakemea kwa kuharibu chumvi, wakanieleza kwamba ndiyo inayeyusha barafu ili wazee wasianguke. Ndugu wa Toronto walikuwa wamelala mjini toka jana yake, kwa sababu barua ya mwaliko iliwaomba wafike siku moja mbele. Ni zaidi ya kilometa 500. Jamaa mbili za Ottawa hazikuweza kupita barabarani. Basi kati ya 70 tulikuwa 62, na hakuna aliyepata ajali.

Misa ilikuwa saa tano asubuhi. Nilishangaa mwanzoni, lakini kule wakati wa Noeli jua linazama saa kumi na robo hivi, na anayetaka picha na mwanga lazima awahi. Binti yangu alivaa gauni la mikono mirefu, ndani yake soksi ndefu za sufi, miguuni buti. Mlangoni pa kanisa alibadili viatu. Mimi nilikuwa na vile viatu vyangu vya wazi vya kikwembe. Mama mkwe wake aliniangalia miguu, akaenda kwenye gari bila kusema neno, akarudi na soksi nene na buti zake za pili, akapiga magoti akanivalisha. Yule niliyeogopa atanicheka ndiye aliyenifunga kamba za buti.

Niliingia kanisani na mtoto wangu mkononi, kikwembe juu ya buti, yeye na shali yenu mabegani. Chini ya zile taa za Noeli, ule weupe wa sufi, na vipande visivyofanana, ulionekana kama kitu kilichotafutwa kwa makusudi. Mwanamke mmoja wa pale aliniuliza duka gani linaiuza.

Kwenye sale mgeni alipoingia alikuta kwanza watu wa kumpokea koti na kumpa namba, kisha kikombe cha chai ya tangawizi, cha moto. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka na kukumbatiana. Tulikula sombe, bukari, makayabo, kuku na wali. Mapambo yalikuwa mishumaa na matawi ya msonobari, basi. Saa tatu usiku basi ndogo iliyokodiwa ilianza kuwarudisha watu.

Nanyi huku mlikuwa mnakula pamoja nasi. Saa tano ya asubuhi kule ni saa kumi na mbili ya jioni kwetu. Nilikuwa nimeacha mbuzi na mchele kwa mwenyekiti wetu, na ninajua kwamba umeme ulikatika na mvua ikawanyeshea pembeni mwa hema. Tulipowaita kwenye simu nyuma ya misa, binti yangu aliinua shali mbele yenu, tukasikia makelele: "Kipande changu kile, begani! Changu kile chini!" Pale nilielewa kwamba haikuwa harusi ya siri hata kidogo.

Sasa, mama uliyeniuliza, nakuachia haya machache. Shika sale na kanisa mapema, miezi minane au zaidi, na uangalie siku ya posho ya nyuma ya Noeli. Kule Québec tangazo la ndoa linatolewa kwa serikali siku 20 mbele ya harusi, tena ndoa ya kanisani, ikifungwa na padri aliyeruhusiwa, inaandikwa na serikali; hawafungi mara mbili kama sisi. Uliza padri makaratasi gani ya huku yanahitajika, na uyatafute kabla ya mwezi wa tisa. Hesabu wageni kwa viti vyenye joto. Waombe wa mbali wafike jana yake. Kule magari ya jimbo lile yanapaswa kuwa na matairi ya baridi toka tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe 15 ya mwezi wa tatu, lakini matairi hayaondoi dhoruba. Weka feza kando kwa ajili ya basi na chai mbele ya kuweka kwa ajili ya maua. Na tiketi yako ilipwe kwanza, kabla hujasikiliza ukoo.

Hata harusi za hapa kwetu za mwezi ule zinataka mawazo hayo hayo. Sisi hatuna theluji, tuna mvua na matope. Mgeni anayekuta mahali pakavu pa kuketi na mtu wa kumpokea mwamvuli hatauliza kwa nini mapambo ni machache.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwisha vizuri. Shangazi yake hakuja kula ile mbuzi. Mpaka leo tukikutana ananiuliza kwa nini watoto wake hawakuhesabiwa, na sina jibu linalomtosha. Namsalimia, nampelekea unga, nangoja.

Kuhusu shali: binti yangu aliituma irudi kwa mkono wa ndugu mmoja aliyekuja Pasaka. Aliandika kwenye karatasi kwamba ni ya chama, si yake. Imekaa katika sanduku letu, pamoja na sahani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ilipotushika, bibi harusi wawili wa kartie yetu waliiazima. Mama, mwambie binti yako asinunue kitu cha mabegani. Atatukuta tumeshaifua, na safari hii haitasafiri karibu na ndakala.