Mvinyo wa Puglia na Mikono Isiyotajwa
Huko Puglia, kusini mwa Italia, mwenyeji wangu alinimiminia Primitivo, mvinyo mwekundu mzito uliopewa jina hilo kwa kuwa zabibu zake huwahi kuiva. Akaniandalia nyama ya mwanakondoo, jibini ya pecorino na tambi za orecchiette kwa mchuzi wa nyanya. Viliafikiana mno: ukakasi wa mvinyo ulikata mafuta ya nyama. Nikauliza, nyanya hizi huchumwa na nani? Akainamisha macho. Katika mashamba ya Foggia, vibarua wengi ni wahamiaji, Waafrika wakiwamo. Sheria ya mwaka 2016 huwaadhibu madalali na waajiri wanaowanyonya, lakini wapo ambao bado hulala vibandani. Ndugu msomaji, tangu siku ile siusifu mlo kabla ya kuuliza ujira wa mchumaji.