Paka, Mzee na chupa moja ya dawa



Nyumbani kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, anaishi paka dume mwenye umri wa miaka 11 aitwaye Tajiri. Tulipewa na familia moja iliyokuwa ikirudi kwao Ulaya. Alikuja akiwa amekwisha kuhasiwa, tena mnene kupita kiasi, na jina lake lilitokana na unene huo. Panya wa nyumbani hawamwogopi. Twakiri tangu mwanzo kwamba hatuna faida yoyote ya kuhesabika tunayoipata kwake, kwa maana jambo hilo lina uzito katika haya tunayotaka kuwasimulia.

Mwezi wa tisa uliopita tuliona kwamba Tajiri anakunywa maji bila kukoma. Alimaliza bakuli lake, kisha akaenda kunywa katika beseni la kufulia. Mchanga wake ulikuwa umelowa mkojo kila asubuhi kana kwamba mvua imeunyeshea. Alikula kuliko zamani na bado mifupa ya mgongo ikaanza kuonekana. Kilichotutisha zaidi ni mwendo wake: paka hutembea kwa vidole, lakini yeye alianza kukanyaga chini kwa kisigino chote cha mguu wa nyuma, kama sungura aliyechoka. Mama watoto akasema ni uzee. Sisi tukaitikia, kwa sababu uzee hauhitaji fedha.

Daktari wa wanyama tuliyemwendea ni kijana, tena aliwahi kupita katika darasa letu la katekesi. Alipima mkojo akakuta sukari. Alichoma ukingo wa sikio, akaweka tone la damu katika kipimo, na kipimo kikaonyesha miligramu 412 katika desilita moja. Paka mwenye afya huwa kati ya 70 na 150 hivi. Hata hivyo hakutoa hukumu siku ile. Alitueleza kwamba paka akishikwa na hofu sukari yake hupanda, na safari ya ndani ya kikapu pamoja na mikono ya mgeni ni hofu tosha. Akatuambia tupime tena nyumbani, mnyama akiwa ametulia. Tulipima kwa kipimo cha kuazima, tukapata 397. Ulikuwa ni ugonjwa wa sukari, ule ule unaowashika watu.

Kipimo hicho tulikiazima kwa jirani yetu, Mzee mmoja mstaafu wa kazi ya mgodi, ambaye amejichoma insulini kwa miaka mingi. Tulipomweleza shida yetu alicheka hadi akatoa machozi. «Mwalimu,» akasema, «sasa hata paka wako amepata ugonjwa wa wakubwa!» Kisha akafuta macho na kutufundisha.

Insulini hutengenezwa na kongosho, nayo ndiyo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini inakohitajiwa. Ikikosekana, au mwili ukiacha kuisikia, sukari hubaki ikizunguka katika damu na mtu hudhoofika ijapokuwa anakula. Kwa paka wengi, hasa madume waliohasiwa na wanene, mwili ndio huacha kuisikia kwanza, na kongosho huchoka baadaye. Kwa sababu hiyo daktari alitaka tuanze mapema. Paka anayeanzishiwa dawa mapema na kubadilishiwa chakula huweza, mara nyingine, kufikia hali ya kutohitaji sindano tena. Na chakula ndicho kilichotuaibisha. Kwa miaka yote hiyo tulimlisha bukari kwa mchuzi wa ndagala, na mkate uliochovywa katika chai ya maziwa. Paka ni mla nyama, unga haumfai. Sasa anakula ndagala walioloweshwa ili chumvi itoke, matumbo ya kuku, na mapafu ya ng'ombe siku yanapopatikana sokoni.

Dawa yenyewe ni ile yenye rangi ya maziwa. Haitikiswi, huviringishwa polepole kati ya viganja viwili mpaka iwe sawa. Daktari aliagiza yuniti moja asubuhi saa kumi na mbili na yuniti moja jioni saa kumi na mbili, baada ya paka kula. Asipokula, asichomwe kabla ya kumwuliza yeye. Akianza kuyumba, kutetemeka au kulegea baada ya sindano, apakwe asali kwenye fizi na kupelekwa kwake mara moja, kwani sukari ikishuka mno huua upesi kuliko ikipanda. Yuniti moja katika sindano ile ndogo ni kitu cha kutisha kwa udogo wake. Mtu wa miaka 50 na zaidi hana budi kuvaa miwani na kusimama dirishani ili aione.

Siku ya kwanza tulishindwa. Tulivuta ngozi ya ubavuni kama tulivyofundishwa, tukaingiza sindano, nayo ikatokea upande wa pili. Manyoya yakalowa, na chumba kikajaa harufu kama ya dawa ya kusafishia vidonda. Tulitaka kurudia, lakini Mzee, aliyekuwa amekaa mlangoni akituangalia, akatuzuia. Usipojua ni kiasi gani kimeingia, usiongeze. Ungoje saa ya pili. Tajiri alikwenda zake kulala. Ni mikono yetu iliyokuwa ikitetemeka. Tumewafundisha walimu wengi namna ya kumshika mtoto mkono akianza kuandika, lakini sisi wenyewe tulikuwa tumesahau jinsi ilivyo kuanza jambo bila kulijua.

Sasa twafika kwenye neno gumu. Jumamosi moja, katika katekesi ya kipaimara, msichana wa miaka 16 aliinua mkono.

«Mwalimu, ni kweli kwamba kwenu paka anachomwa insulini?»

Tukasema ni kweli.

«Nkambo wangu alikatwa mguu, kisha akafa, kwa sababu dawa ile ile haikupatikana nyumbani kwetu.»

Hakusema kwa ukali. Akafungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumewapa waisome nyumbani. Miongoni mwa mengine, namba hiyo inasema mambo mawili. Kwanza, ni kinyume cha heshima ya binadamu kuwatesa wanyama bure au kuwaua bila sababu. Pili, haistahili vilevile kutumia kwa ajili yao fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Aliyasoma yote mawili, akafunga kitabu, akatutazama. Darasa lote likatutazama. Tukasema tutajibu Jumamosi ijayo, jibu la kila mwalimu asiyekuwa na jibu.

Juma lile tulitafuta hoja kama mtu atafutaye funguo gizani. Tulifikiri kwamba tumeacha chupa mbili za Simba za Jumapili ili kununua dawa. Ni kweli tumeziacha, lakini fedha iliyotoka katika bia ingeweza pia kwenda kwa mtu. Tulifikiri juu ya deni letu kwa wanyama. Huko Toronto, mwaka 1921, Banting na Best waliijaribu dawa hii kwa mbwa kwanza, na mbwa wengi walikufa, kabla ya kijana wa miaka 14 kuchomwa mwezi wa kwanza wa 1922. Kwa miaka mingi watu waliishi kwa insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Insulini ya paka na ya ng'ombe zatofautiana kwa kiungo kimoja tu kati ya 51. Hoja hii twaipenda hata leo. Wagunduzi wale waliuachia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi wao kwa dola moja moja, wakitaka dawa iwafikie wote. Lakini tungewezaje kumwambia habari za Toronto mtoto aliyemzika nkambo wake?

Kisha tukafanya hesabu ndogo, nayo ikatuumiza kuliko hoja zote. Chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1000. Tajiri hutumia 2 kwa siku, yaani 56 kwa majuma manne, na baada ya majuma manne tangu kufunguliwa chupa yapaswa kutupwa. Yuniti 944 zilikuwa zikienda shimoni. Mzee hujichoma 30 asubuhi na 16 jioni. Alichokuwa akitupa paka wetu kwa mwezi mmoja kingemtosha Mzee siku 20.

Kabla ya Jumamosi kufika, binti wa Mzee alibisha mlangoni usiku. Dawa ya baba yake ilikuwa imebaki ya asubuhi moja tu. Alikuwa amezunguka farmasi tatu, hakuna. Sisi tulikuwa na chupa mpya, bado imefungwa, tuliyoinunua siku moja kabla kwa sababu ya kwanza ilikuwa inatimiza majuma yake. Alimpigia simu muuguzi wao, akamsomea neno kwa neno yaliyoandikwa kwenye chupa. Muuguzi akasema ndiyo hiyo hiyo. Tukampa.

Tungependa kuwaambia kwamba tulimpa kwa moyo mkunjufu. Tulimpa, na alipoondoka tukakaa kimya, mama watoto akimpapasa paka. Chupa ya zamani hatukuweza kuiamini tena. Umeme ulikuwa umekatika mara nyingi katika joto la mwezi wa kumi, na ingawa tuliihifadhi katika mtungi wa udongo uliozungukwa na mchanga wenye maji, daktari alitukataza kuitumia zaidi. Tajiri alikaa siku tisa bila sindano, akila samaki na nyama peke yake. Tulimpima kila asubuhi. Sukari iliyokuwa imeshuka hadi 180 ilipanda ikawa 204, kisha 241, kisha 268. Siku ya tisa alirudi kwenye beseni la kufulia.

Dawa ilipopatikana tena mjini, Mzee mwenyewe ndiye aliyekuja na shauri. «Kwa nini chupa mbili?» akauliza. «Nunueni moja pamoja nami. Paka atakunywa kidogo kutoka kwangu.» Daktari wa wanyama alikubali kwa sharti moja kali: sindano mpya hutumika kuvuta dawa ya paka, na ikishamgusa paka hutupwa, isirudi kamwe kwenye chupa ya mtu. Tunalipa nusu ya bei. Yuniti 48 kwa siku, za mtu na za paka pamoja, humaliza chupa kwa siku 20 hivi, na hakuna kinachomwagwa.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulitazamia. Binti yake alitunong'oneza kwamba zamani Mzee alikuwa akiruka sindano ya jioni, mara mbili au tatu kwa juma, ili dawa ikae siku nyingi. Sasa saa kumi na mbili ikifika tuko mlangoni pake na kikapu, naye hawezi kumchoma mnyama huku akijinyima mwenyewe mbele yetu.

Jumamosi tulimweleza yule msichana haya yote, pamoja na hesabu, tukiziandika ubaoni. Alisikiliza hadi mwisho.

«Na kama Mzee asingekuwa jirani yenu, Mwalimu?»

Tukasema: pengine tungeendelea kutupa.

«Basi bado sijaridhika.»

Tukamwambia kwamba sisi pia bado. Akauliza kama anaweza kuja kuona. Alikuja Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro, akiwa bado na sare ya shule. Mzee alivuta yuniti moja, akampa sindano aishike mbele ya taa, na kumwuliza anaona mstari wa ngapi. Macho yake ni mazima kuliko yetu. Tangu siku hiyo, akipita kwetu, yeye ndiye husoma mstari, nasi hushika ngozi.