Albamu 4 za 2021 za jamaa wa Nkende, na ng'ombe 12 waliokaa katikati

Mwaka 2021 wasanii wa Bongo waliamua kumwaga albamu, ukweli usemwe. Rayvanny kafungua njia Februari, Mbosso kafuata Machi, Alikiba kavunja ukimya Oktoba, Harmonize kamalizia Novemba. Miaka kadhaa nyuma ilikuwa singo, video, shoo, basi. Albamu zilishakuwa stori za enzi za kanda na wasambazaji wa Kariakoo. Boomplay, Audiomack na YouTube zimerudisha mambo.

Ila wasikilizaji wengi bado wanadonoa. Wanachukua nyimbo mbili zinazotamba TikTok, zilizobaki wanaziacha zilale.

Jamaa mmoja wa Nkende, pale Tarime, hadonoi.

Mshikaji ana miaka 26, anaendesha bodaboda kati ya Nkende na Tarime mjini, anaishi na mama yake na mdogo wake wa kike. Baba alishatangulia mbele za haki. Sheria yake kwenye muziki ni moja: albamu inasikilizwa usiku, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuruka, kwa hedifoni ambazo upande wa kulia ulishakufa kitambo. Akimaliza anaandika maksi kwenye kaunta buku.

Kaunta buku hiyohiyo ndiyo ina hesabu ya bosi, maana pikipiki siyo yake. Kila siku 8,000 inaondoka, mafuta juu yake, pancha juu yake. Kuanzia Julai 2021 kaunta buku ikaongezewa kurasa za jambo la tatu, ambalo ni ng'ombe. Huko stori itafika.

Tuanze na namba nne, Sound From Africa ya Rayvanny. Nyimbo 23! Hebu vuta picha mtu anayelipia bando kwa hela ya abiria anakutana na mzigo wa nyimbo 23. Alitumia usiku wa siku mbili. Maksi aliyoandika ni 6 kati ya 10, na pembeni kaweka neno "ndefu". Ana pointi. Kijana wa Mbeya anajua kuandika, anajua kuimba, ana tuzo ya BET ya 2017 kabatini, ila hapa kuna albamu mbili zimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Ukitoa nusu ungebaki na mzigo wa moto sana.

Sababu ya Sound From Africa kubaki kwenye orodha siyo muziki peke yake. Februari hiyohiyo jamaa alienda kutoa hela kwa wakala mmoja mjini, akiwa amesahau kuvua hedifoni. Binti wa pale dirishani akamuuliza, "Kaka, unasikiliza nini mpaka hujibu salamu?" Akampa upande unaofanya kazi. Binti akasikiliza kidogo, akarudisha, akasema wimbo siyo mbaya ila angetaka kitu cha taratibu zaidi.

Basi bwana, Machi kikaja hicho cha taratibu.

Definition of Love ya Mbosso ina nyimbo 12 tu, na ndiyo namba moja ya mshikaji kwa mwaka mzima. Vijiweni wanamcheka. Mkurya mzima unamsikiliza Mbosso? Pale kijiweni wanasema muziki wa kulialia ni wa watu wa Pwani, huku mtu anapendwa kwa ng'ombe na kazi. Yeye anawajibu kwamba yule mtoto wa Kibiti hajaanza kuimba jana, katoka Yamoto Band akiwa bado mdogo, na sauti yake ina kitu cha taarabu ndani ambacho wengine wanaiga lakini hawakipati. Kwenye Baikoko akiwa na Diamond unacheza. Kwenye Yes akiwa na Spice Diana wa Uganda unatabasamu. Sehemu kubwa iliyobaki unakaa kimya tu ukiwaza mtu wako.

Na Machi ile watu walikaa kimya kweli. Albamu imetoka mwanzoni mwa mwezi, haijakaa hata wiki mbili mjini, tarehe 17 nchi ikapokea taarifa ya kifo cha Rais Magufuli. Redio zote zikawa maombolezo. Baa zikazima sabufa. Bodaboda wenye spika kwenye pikipiki wakazizima wenyewe. Mbosso wa watu akawa amefunikwa na msiba, na wengi mpaka leo hawajui kwamba albamu ilitoka kipindi kile.

Jamaa alikuwa anaisikiliza usiku, upande mmoja wa sikio, akiwa amejifunika blanketi kwa sababu ya baridi ya Tarime. Mwisho wa mwezi akaiweka kwenye flashi, akampelekea binti dirishani ndani ya bahasha ya kaki. Binti alidhani ni barua. Jioni yake akatuma ujumbe: wimbo wa tatu ameurudia mara nne.

Wapenzi wengine wanapeana maua, hawa walikuwa wanapeana maksi. Yeye anaandika 9, binti anaandika 7, wanabishana mpaka bando linakata. Unakumbuka Aprili 2, vifurushi vipya vilivyoanza asubuhi watu wakapiga kelele nchi nzima, siku hiyohiyo vya zamani vikarudishwa? Siku ile walitumiana meseji za kawaida, zile za maandishi machache, wakalaumu dunia.

Julai mambo yakawa mazito. Tarehe 15 tozo za miamala zikaanza, wateja wa binti wakapungua, watu wakaanza kubeba hela mkononi kama zamani. Bosi wake akamwambia kamisheni haitoshi kulipa watu wawili. Ndipo jamaa akaona bora apeleke posa kabla mambo hayajaharibika zaidi. Akaenda na baba yake mdogo pamoja na wazee wawili.

Walipokelewa vizuri, wakanywa chai ya maziwa, wakaambiwa ng'ombe 12.

Kwa Wakurya hilo siyo tusi. Binti katunzwa, kasoma, ng'ombe ni heshima ya kwao. Tatizo ni kwamba ng'ombe mmoja wa maana wakati ule alikuwa anakaribia laki sita, na huyu ni mtu anayepeleka 8,000 kwa bosi kila jioni. Piga mwenyewe.

Njiani wakirudi, baba mdogo akasema kitu ambacho kwenye kaunta buku hakijaandikwa, ila ukurasa wa siku ile ni mtupu.

"Mura, mbona unahangaika? Si una dada? Ng'ombe wako wapo nyumbani."

Asiyejua mila aeleweshwe kidogo. Kwa utaratibu wa zamani wa Wakurya, ng'ombe wanaoingia nyumbani dada akiolewa ndio wanaotoka kaka akioa. Kila kijana anajua ng'ombe wake watatoka kwa dada yupi. Wazee hawaoni ubaya, wao wenyewe walioa hivyo, na bibi zao waliolewa hivyo.

Dada anayezungumziwa ana miaka 17 na alikuwa kidato cha nne. Na baba mdogo siyo mjinga, sheria anaijua. Tangu 2016 ukioa mwanafunzi unaweza kupigwa miaka 30 jela, kwa hiyo mpango wake ulikuwa wa subira: mtoto afanye mtihani Novemba, akitoka chumba cha mtihani siyo mwanafunzi tena. Mtu mwenye ng'ombe alishapatikana, tena 14. Wawili wangebaki nyumbani kama faida.

Hapo mshikaji alikaa miezi mitatu hajajibu. Tusimpambe hapa. Kuna usiku alikuwa anapiga hesabu za 14 kutoa 12, kaunta buku inaonesha, penseli imefutwa lakini inasomeka.

Oktoba Alikiba akaachia Only One King. Albamu yake iliyotangulia ilikuwa ya 2009! Miaka 12 watu wanasubiri, halafu anakuja na nyimbo 16 na wageni kama Sarkodie, Patoranking, Rudeboy, Mayorkun, Nyashinski na Sauti Sol. Wanaosema Kiba mvivu wajue kwamba alikuwa anapika. Kwa usafi wa sauti, mpangilio, na jinsi wimbo mmoja unavyokabidhi mwingine, hakuna albamu ya Bongo ya mwaka 2021 iliyoifikia hii, na mshikaji mwenyewe anakiri. Ni namba mbili kwake, maksi 9 sawasawa na Mbosso. Ukimuuliza kwa nini basi isiwe namba moja anasema Kiba anaimba kama mtu ambaye hana haraka, na yeye mwaka ule alikuwa na haraka.

Wimbo uliomkamata ni Utu. Aliusikiliza usiku ule mama yake alipomwita nje, mbali na dada, akamuuliza swali moja tu: "Wewe unataka nini?" Mama hakusema lake. Mjane kwenye ukoo huwa anapima maneno yake mara mbili.

Kesho yake jamaa alimfuata baba mdogo shambani akamwambia kwa heshima zote, "Baba, mimi ng'ombe wangu nitawatafuta. Huyu asome." Baba mdogo hakugomba. Alisema tu kwamba siku akihitaji wazee wa kwenda tena ukweni, asimgongee mlango. Kwa Tarime hayo ni maneno makubwa. Kijana kwenda posa bila mtu mzima wa ukoo ni sawa na hajaenda.

Sasa namba tatu, High School ya Harmonize, nyimbo 20, imetoka Novemba. Hii mshikaji aliisikiliza wiki nne nzima baada ya kutoka. Yeye! Mtu ambaye siku albamu inaingia yupo macho saa sita usiku. Vijiweni walidhani kaachana na muziki, kumbe simu hakuwa nayo. Alikuwa amemwachia dada yake, pamoja na bando la mwezi, apakue mitihani ya miaka ya nyuma maana katikati ya Novemba ndiyo anaingia kwenye chumba. Yeye akawa anatembea na kitochi cha kupokelea wateja.

Dada aliona tangazo la albamu, akacheka. "Kaka, Harmonize katoa High School, niisome?"

Walikuja kuisikiliza Desemba, mtihani umeisha, kwa spika ya simu kwa sababu hedifoni zina upande mmoja. Maksi walitoa pamoja: 7. Sandakalawe wote wawili wanaipenda. Teacher dada aliipa 9, kaka akaipa 6, akasema huyo mwalimu angeripotiwa. Konde Boy ana nguvu, hilo halina ubishi, kijana wa Mtwara anafanya kazi kama anakimbizwa, ila na yeye kaugua ugonjwa wa Rayvanny wa kutopunguza. Dada alisinzia kwenye wimbo wa 16. Alikuwa na usingizi wa miezi mingi yule.

Matokeo bado. Anasubiri, anasaidia mama shambani, na mwenye ng'ombe 14 kaambiwa hapana kwa mdomo wa mama mwenyewe, jambo ambalo ukoo unalijadili mpaka leo.

Na binti wa dirishani je?

Alipopata habari alituma ujumbe ambao jamaa aliunakili kwenye kaunta buku, chini ya maksi za Alikiba: "Umefanya vizuri. Na mimi nisubiri mpaka lini?" Hakuna utani hapo, na hakuna wa kumlaumu. Ana miaka 24, kwao wanamuuliza kila wiki, na kuna mwanaume wa Nyamongo mwenye kazi ya uhakika upande wa mgodini ambaye ameshafika mara mbili kusalimia. Watu hawafunguki barabara mpaka kwenu mara mbili kwa ajili ya salamu.

Hesabu ya ng'ombe kwenye kaunta buku mpaka wiki hii inasoma milioni moja na laki saba. Hao ni ng'ombe watatu kasoro kidogo. Mjomba upande wa mama kasema atatoa ndama mmoja na atakwenda ukweni kama mzee, kama wakwe watakubali mtu wa upande wa mama. Hilo halijajibiwa.

Orodha yake jamaa aliimaliza tarehe 26, akaipiga picha na kumtumia binti kama walivyokubaliana tangu Machi. Mbosso, Alikiba, Harmonize, Rayvanny. Siku mbili kimya, tiki mbili za bluu, hakuna jibu. Mtu aliyewahi kuachiwa tiki mbili za bluu anajua.

Jibu likaingia tarehe 28 usiku. Halikutaja ng'ombe wala Nyamongo. Lilisema Alikiba kaonewa, haiwezekani mtu afanye kazi ile halafu awe wa pili, na kwamba orodha irekebishwe kabla mwaka haujaisha. Jamaa akajibu kwamba hiyo kesi ataisikiliza ana kwa ana, siyo kwa meseji. Binti akasema Jumamosi anafunga dirisha saa nane.