Kumbe Hata Wagiriki Waliishia Kwenye Lenta

Nilivyoweka picha za Ugiriki wengi mliuliza: bei gani, hoteli gani, lile gauni la njano nilinunua wapi. Majibu yatakuja. Leo naandika kuhusu siku ambayo sikupata picha hata moja ya kuwaonyesha, maana macho yalikuwa yamevimba.

Safari alilipia dada yangu anayeishi Ujerumani. Tulikutana Athens mwezi wa tano, tukapanda boti hadi kisiwa cha Naxos. Boti ikikaribia bandari, kitu cha kwanza unachokiona ni mlango. Mlango tu, nyumba hamna! Nguzo mbili za marumaru na jiwe limelazwa juu, urefu kama mita 6, umesimama peke yake pembeni ya bahari. Wenyewe wanauita Portara. Hekalu hilo lilianza kujengwa karibu mwaka 530 kabla ya Kristo, wakati wa mtawala aliyeitwa Lygdamis, na halikuisha mpaka leo.

Dada akacheka sana. "Mdogo wangu, kumbe hata Wagiriki waliishia kwenye lenta!"

Mimi nilicheka kwa meno tu. Mama yetu ana nyumba Kibaha, imeishia kwenye lenta mwaka wa nne sasa. Dada ndiye alikuwa anatuma hela, mimi ndiye msimamizi. Nilimwambia fundi alikimbia na hela ya kupaulia. Ni kweli fundi alikimbia, ila alichokimbia nacho ni laki 4. Nyingine niliingiza kwenye mzigo wa vitenge, nikijua nitairudisha kabla ya mwezi kuisha. Biashara ikafa. Nikanyamaza.

Kesho yake tukajiunga na watu wengine sita kutembea mashambani. Aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo, mwembamba, anapanda milima kama mbuzi wa kule kwao. Mimi nilivaa raba za mjini, basi mawe yakanifundisha adabu. Njia yenyewe ni nyembamba, imebanwa na kuta za mawe huku na huku, mizeituni kila upande, na kengele za mbuzi unazisikia bila kuwaona wenyewe.

Tukafika sehemu inaitwa Flerio. Chini ya miti, jamani, kuna mtu amelala chali! Sanamu ya kijana, ya marumaru, urefu zaidi ya mita 5. Sanamu za aina hiyo zinaitwa kouros. Mwongozaji alitueleza kwamba kisiwa hiki kilisifika kwa marumaru, na zamani zile mafundi walikuwa wanachonga umbo la juujuu palepale machimboni ili kupunguza uzito, halafu ndiyo wanaliburuta kwenda kulimalizia linakopelekwa. Huyu alivunjika mguu. Wakamwacha hapohapo, na hapo amelala zaidi ya miaka 2,500. Uso wake hauna macho wala mdomo, maana hawakufika huko.

Mlimani kidogo kuna mwenzake, naye kavunjika miguu.

Mzee mmoja kwenye kundi letu akauliza, kosa lilikuwa la nani? Mama yule akasema jiwe linaweza kuwa na ufa ndani usiouona kwa macho, au kamba iliteleza, hakuna aliyeandika. Kisha akasema, "Ila siku ile, aliyekuwa ameshika kamba alijua."

Wadau, nilihisi kama ameambiwa habari zangu.

Tukaendelea, akituonyesha masalia ya mfereji wa kale uliokuwa unapeleka maji ya chemchemi za Flerio mpaka mjini, kama kilomita 11. Wenzetu wanapiga picha, mimi naona ukungu tu. Dada alikuwa mbele yangu. Nikamwita.

"Dada, fundi hakula hela yote. Niliila mimi."

Alisimama bila kugeuka. "Shilingi ngapi?"

"Milioni 3 na laki 2."

Akaendelea kutembea. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Kuanzia pale hadi kijiji cha Potamia niliangalia mgongo wake na lile begi lake jekundu, mguu mbele, mguu nyuma. Nililia kimyakimya, wenzetu wakadhani ni jua.

Kijijini tukakaa kula. Kisiwa kile kinajulikana kwa viazi na jibini, na kweli viazi vyao vitamu. Chipsi zikaletwa sahani moja ya wawili. Dada akala kidogo, akaisukuma sahani upande wangu.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi anza na hilo. Umwambie kwa mdomo wako kabla hujanunua hata bati moja. Mimi sitakusemea."

Nikasema sawa. Akaniambia nile, viazi vinapoa.

Nimerudi, mama nimemwambia. Alikaa kimya siku mbili, siku ya tatu akaniuliza kama nimekunywa chai. Narudisha laki 2 kila mwezi, mpaka sasa nimefikisha miezi mitano. Paa bado. Dada tunaongea, ila hela sasa anamtumia binamu yetu, na sina la kusema hapo.

Kwa mnaotaka kwenda: vaeni viatu vya kushika mawe, bebeni maji ya kutosha, anzeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Na mkifika kwa yule kijana aliyelala, mkae naye dakika tano bila simu.

Haya, nisemeni. Ila semeni taratibu.