Menyu moja, kurasa 23

Najua ni muda mrefu sijaandika hapa. Huku Leicester baridi imeanza, na kazi za usiku haziniachi. Ila jana mpwa wangu wa Tanga kanipigia simu na swali, nikaona nimjibu hapa hapa ili na wengine mfaidike. Anatengeneza tovuti ya madrasa yao, na menyu ile ile anaibandika kila ukurasa kwa mkono. "Mjomba, kuna ubaya gani?"

Ubaya upo, tena nimeuonja. Wengi mnaikumbuka tovuti ya ukoo wetu niliyoianza mwaka 2006. Ilikuwa na kurasa 23, kila nyumba na wake, na menyu nimeinakili mara 23. Mwaka 2009 Bibi alipofariki, khitma ya arobaini ilipangwa Jumapili, kisha wazee wakaamua iwe Jumamosi. Nikaandika tangazo, nikaanza kuweka kiungo chake kwenye menyu, ukurasa mmoja mmoja. Nilikuwa nimetoka kazini alfajiri. Nilipofika kama ukurasa wa 15 macho yakagoma, nikasema zilizobaki nitazimalizia kesho. Kesho hiyo mnaijua ilivyo.

Shangazi yetu wa Muscat alikuwa na mazoea ya kufungua ukurasa wa wanawe moja kwa moja, hapiti mlango wa mbele. Ukurasa huo ulikuwa katika zile nilizoziacha. Nyumbani kila mtu alidhani keshasoma. Akafika Tanga Jumapili asubuhi, mikeka imeshakunjwa na masufuria yamerudishwa kwa wenyewe. Aliniuliza kwenye simu, "Mbona mlinificha?" Sikuwa na jibu.

Basi mpwa wangu, fanya hivi. Ile orodha ya viungo ikate, iweke peke yake kwenye faili moja, uiite menyu.php. Humo usiweke kitu kingine. Kisha kwenye kila ukurasa, pale menyu inapokaa, andika mstari huu:

<?php include 'menyu.php'; ?>

Majina ya kurasa nayo yaishie na .php badala ya .html. Seva inaichukua menyu, inaishonea kwenye ukurasa, ndipo inampelekea msomaji. Yeye anaona ukurasa mmoja tu. Siku ukiongeza kiungo, unakiongeza mara moja na kurasa zote zinakipata.

Mambo mawili yatakusumbua. Ukifungua faili kwenye kompyuta yako isiyo na seva, menyu haitatokea, usidhani umekosea. Na anwani za zamani za .html zitakufa, kwa hiyo iagize seva iwapeleke watu kwenye mpya. Zile fremu tulizotumia zamani achana nazo, HTML5 imeshazitupa. Ulikuwa ukimtumia mtu kiungo cha ukurasa wa ndani, kwake unafunguka bila menyu.

Wala usiogope jina. PHP aliianza Rasmus Lerdorf kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, akawagawia watu mwaka 1995.

Mimi niliirekebisha tovuti ya ukoo wiki ile ile, kazi ya usiku mmoja. Shangazi alinisamehe. Ila hadi leo nikimpa habari ya shughuli yoyote huniuliza, "Na kwenye ukurasa wangu umeiweka?"

Nisalimieni wote. Wasalaam.