Ufuo ni Wetu, Njia ni ya Nani?

Mwezi uliopita niliketi na wanangu wawili kupanga mapumziko ya siku tatu Diani. Mfuko wa mhadhiri hauzimudu hoteli za ufuoni, hivyo tukaazimia kukodi kibanda cha makuti ng'ambo ya barabara na kwenda baharini kwa miguu. Nilimpigia mwenye kibanda simu. Bei, maji na usalama alinieleza kwa ukarimu. Nilipouliza njia ya kufikia ufuoni, akasita.

"Mwalimu, ilikuwapo. Sasa imejengewa ukuta. Itawabidi mzunguke."

Mzunguko huo ni wa nusu saa juani. Kwetu ni wa siku tatu. Wavuvi wa hapo huupita kila siku, nyavu mabegani.

Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yatamka kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Nimelifundisha hilo kwa miaka. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi kuwa mali ya umma yaweza kuporwa bila kuguswa: huzibwa njia yake tu.

Safari ipo palepale. Tutazunguka, tutahesabu vichochoro vilivyozibwa, kisha tutaiandikia kaunti.

"Wakinyamaza?" akauliza mdogo.

"Tutaandika tena."

Nawe msomaji uliye mtumishi wa umma, huenda barua hiyo ikafika mezani pako. Usiizungushe.