Umeme Hauna Ratiba, Bahari Inayo

Wapiga picha wa Dar mtanielewa, lakini nusu tu. Ninyi umeme ukikatika mnakimbilia hoteli yenye jenereta, mnaagiza soda moja, mnachaji mpaka usiku. Mimi niko Sudi, pwani ya Lindi. Huku ukikatika, umekatika. Kinachobaki ni koroboi, mbu na hadithi.

Ajabu yake, gesi inayoendesha mitambo ya umeme kule Dar inatoka kwetu kusini: ya Songo Songo, wilayani Kilwa, tangu 2004, na ya Mtwara kwa bomba lililozinduliwa 2015. Sisi tunaisindikiza kwa macho.

Ninachopiga ni miamba ya pwani, na si mawe ya hivi hivi jamani. Ni matumbawe ya kale yaliyokuwa hai chini ya maji. Bahari iliposhuka yakabaki juu. Wimbi linayatafuna kwa chini, konokono nao wanakwangua, mpaka jiwe linasimama na shingo nyembamba na kichwa kipana, mithili ya uyoga. Kwa mawe ya matumbawe ndiyo ulijengwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Kuyafikia kwa miguu kunataka bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa mno kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Jua zuri la jioni, lile la rangi ya asali, linakuta maji yameshajaa. Basi unashuka saa mbili, unayafuata maji yanavyorudi nyuma. Siku zenyewe ni tatu, nne. Ukizikosa, subiri wiki mbili. Na betri yangu ni moja.

Bamvua iliyopita nilirudi siku ya kwanza chaji imebaki kidogo, umeme hakuna tangu alfajiri. Nikaifunga kamera kwenye kanga, akiba ya kesho. Babu akaniita kutoka kitandani. Alikuwa mvuvi, sasa miguu haimfikishi hata uani.

"Mjukuu wangu, umelikuta lile jiwe la mlangoni mwa ghuba?"

Kuwasha kioo ni kula chaji. Nikawasha. Akaisogeza kamera mpaka puani, kimya.

"Na pacha wake?"

"Pacha gani, babu?"

"Yalikuwa mawili. Ngalawa yangu ilipita katikati."

Kwenye picha lilikuwapo moja, na kando yake kisiki kinachofunikwa na povu. Babu akanichorea kwa kidole juu ya shuka jinsi pacha alivyosimama: kimo chake, alivyoinama, upande waliokaa ndege. Katikati ya maelezo kioo kikazima.

Kesho yake umeme bado. Nikashuka na daftari la shule na kalamu, nikachora kisiki na nafasi aliyoitaja. Umeme ulirudi usiku wa tatu, saa nane. Niliamka kama wa daku, nikachomeka chaji. Asubuhi nikalipiga lililobaki, pande zote nne.

Wewe mwenye simu nzuri, usingoje lensi. Jua kwanza siku za bamvua, kisha muulize mzee wako ni jiwe gani analolikumbuka. Lipige hilo mapema. La pacha nina mchoro tu, na siku hizi Babu anaulalia chini ya mto.